Kanuni Isiyoandikwa ni Kiboko Mkononi mwa Bosi



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujasogeza kidole kwenda posti nyingine, jiulize swali moja. Pale unapofanya kazi, kuna karatasi yoyote inayoeleza unaweza kuposti nini na huwezi kuposti nini? Sio yale maneno ya mdomo ya "mambo ya kazi usiweke mtandaoni." Karatasi. Uliyoisoma, ukaielewa, ukapewa nakala yako.

Wengi mtajibu, hakuna. Wengine mtasema labda ipo, imo ndani ya lile faili ulilosaini siku ya kwanza bila kusoma kwa furaha ya kupata kazi. Na wengine mtacheka: "Mimi niko duka la mjomba, karatasi za nini?"

Basi tuseme wazi. Mahali pasipo na kanuni iliyoandikwa, wewe hauko huru. Una bahati tu. Leo unaweka stetasi unayotaka na hakuna anayeuliza. Kesho mteja mmoja analalamika, au anaingia meneja mpya, au skrinshoti yako inamfikia mtu asiyekupenda, na ile stetasi ya miezi minane iliyopita inageuka kuwa "utovu wa nidhamu." Kanuni itatungwa siku hiyo hiyo, na wewe ndiye wa kwanza kuchapwa nayo. Umemwaga unga, na hata hujui ulikosea wapi.

Jambo hili linamhusu kila mfanyakazi, lakini kijana Muislamu ana mzigo wake wa ziada, na tusijifanye hatuujui. Mwenzako akiposti mstari wa Biblia, ni mtu wa kanisa. Wewe ukiweka aya, ukaweka bendera ya Palestina, au ukauliza walipo vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana, neno "itikadi kali" liko karibu sana na midomo ya watu. Likishaandikwa kwenye faili lako la kazi, halibaki pale. Linakufuata ukiomba kazi nyingine, linakufuata ukiitisha barua ya mapendekezo. Ndiyo maana sisi kuliko wengine tunahitaji mipaka iliyochorwa mapema, kwa wino, mbele ya mashahidi.

Na hili si geni katika dini yetu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Inahusu kuandikiana deni. Mwenyezi Mungu anatuamrisha tuandike, mwandishi aandike kwa uadilifu, wawepo mashahidi, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Kama deni la shilingi linaandikwa, mbona riziki ya mtu na jina lake viachwe hewani? Wazee wetu wa madukani nao wana lao: mali bila daftari hupotea bila habari. Haki pia ni mali.

Tuangalie visa viwili

Cha kwanza ni cha hapa nyumbani. Mwezi wa Februari 2020, kabla Kenya haijathibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona, video ilisambaa ikionyesha ndege ya shirika la China Southern imetua JKIA na abiria 239. Nchi nzima ilishtuka. Mfanyakazi mmoja wa Kenya Airways akasimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba ndiye aliyerekodi video ile. Suala likafika kortini, na korti ikatoa amri ya kusitisha adhabu hiyo kwa muda.

Fikiria kisa hiki kwa utulivu. Uwanja wa ndege una sehemu zenye ulinzi, na mwajiri ana sababu ya kusema usirekodi huku. Lakini upande wa pili kuna afya ya wananchi mamilioni. Kanuni inayosema "usirekodi" ikanyamaza hapo haijamaliza kazi. Haijajibu swali kubwa: mfanyakazi akiona hatari kwa umma, aende kwa nani, na nani atamlinda?

Kisa cha pili ni cha mbali, lakini kinatugusa. Antoinette Lattouf ni mtangazaji wa Australia mwenye asili ya Lebanon. Desemba 2023 alipewa kibarua cha siku tano tu katika redio ya shirika la umma la ABC mjini Sydney. Katika siku hizo akasambaza kwenye Instagram posti ya Human Rights Watch, iliyosema njaa inatumiwa kama silaha ya vita huko Gaza. Malalamiko yalikuwa tayari yanamiminika kwa wakubwa wake wakitaka aondolewe. Akaondolewa hewani zikiwa zimebaki siku mbili.

Shirika likajitetea kwamba alikiuka maagizo. Juni 2025, Mahakama ya Shirikisho ya Australia ikaamua kwamba hakuwa amepewa agizo lolote la kutoposti. Alichopewa ni ushauri tu. Mahakama ikasema maoni yake ya kisiasa yalikuwa miongoni mwa sababu za kumwondoa, na hilo ni kuvunja sheria. Akalipwa fidia ya dola 70,000 za Australia, na Septemba 2025 shirika likatozwa faini ya dola 150,000 juu yake.

Unaona kesi ile ilivyozunguka swali moja? Uliambiwa nini hasa? Agizo au ushauri? Nani alisema, lini, kwa maneno gani? Shirika kubwa namna ile, lenye mawakili wake, likakwama kwa sababu ya maneno ya kwenye simu. Sasa wewe wa hoteli ya Diani au supamaketi ya Garissa, ukiitwa ofisini, utathibitisha vipi uliambiwa nini?

Mwajiri naye ana haki yake

Tusiwe watu wa kudai tu. Amri ya kutimiza mikataba iko mwanzo kabisa wa Suratul Maida, na mkataba wa kazi ni mkataba. Kuna mambo ambayo si yako kuyaposti, hata kama simu ni yako na bando umenunua mwenyewe.

Siri za biashara ni amana. Bei anazopewa mteja mmoja, orodha ya wateja, mipango ambayo haijatangazwa, hayo umeyajua kwa sababu ya kazi na yabaki kazini.

Habari za watu ni amana kubwa zaidi. Wewe ni nesi, usipige selfi wodini huku mgonjwa anaonekana nyuma yako. Wewe ni wa benki au M-Pesa, salio la mtu si habari ya kijiweni. Wewe ni wa hotelini, mgeni aliyekuja na nani hakukuhusu. Hapa sheria ina meno. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu ya Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo shule ya Roma ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha hizo huwekwa na nani? Mara nyingi ni kijana mmoja aliyepewa simu akaambiwa "wewe unajua mambo ya mitandao, shughulika." Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemwandikia mipaka.

Matusi nayo hayana utetezi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu kumtukana mwajiri au msimamizi wako kuwa kosa kubwa linaloweza kukufuta kazi papo hapo, baada ya kusikilizwa. Ukimtukana Facebook badala ya ofisini, tusi ni lile lile, ila sasa lina mashahidi elfu mbili. Na Katiba yenyewe, kifungu cha 33, inapotupa uhuru wa kujieleza, haikuuacha bila ukingo. Uchochezi wa vita na vurugu uko nje. Chuki kwa kabila au dini ya mwenzako iko nje. Heshima ya watu wengine lazima ilindwe.

Sisi Waislamu tungepaswa kuwa tumetangulia hapa. Suratul Hujurat inatuamrisha tuchunguze habari kabla ya kuifanyia kazi, isije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukabaki na majuto. Sura hiyo hiyo inakataza kejeli na kusengenyana. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba muumini asipokuwa na la kheri la kusema, kunyamaza ni bora kwake. Kusambaza "nimetumiwa kama nilivyopokea" hakukuondolei dhambi wala kesi.

Lakini kuna yaliyo yako, na usiyauze

Sasa geuza ukurasa. Bosi amenunua saa zako nane. Hakununua dini yako, wala dhamiri yako, wala jioni yako.

Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema mtu hawezi kunyimwa kazi kwa sababu ya imani au dini yake. Cha 31 kinalinda faragha, pamoja na mawasiliano yako. Cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini na kujiunga na chama cha wafanyakazi. Na usikubali kuambiwa "Katiba ni ya serikali, hapa ni kampuni ya mtu binafsi." Kifungu cha 20 kinasema wazi kwamba haki hizi zinafunga vyombo vya dola na watu wote. Kampuni nayo ni mtu mbele ya sheria.

Ongeza kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira. Kinaorodhesha sababu ambazo haziwezi kuwa sababu halali ya kumfukuza mtu. Dini imo. Maoni ya kisiasa yamo. Kufungua malalamiko dhidi ya mwajiri, mradi si ya upuuzi, imo pia. Kwa hivyo aya uliyoweka Ijumaa, dua uliyowaombea watu wa Gaza, swali ulilouliza kuhusu ushuru au kuhusu mauaji ya polisi, hayo peke yake si kosa la kazi. Yakisemwa bila tusi na bila uchochezi, ni haki ya raia.

Ndugu zetu wa serikali, walimu, wauguzi wa kaunti, makarani wa mahakama, kwenu kamba ni fupi kidogo. Mnatakiwa msiegemee chama cha siasa katika kazi yenu. Mwalimu kupigia debe mgombea kwenye ukurasa wake ni jambo moja, na mwalimu kuomba dua kwa ajili ya waliouawa ni jambo jingine kabisa. Asije mtu akawachanganyia.

Karatasi nzuri inasema nini?

Kanuni nzuri haihitaji kurasa arobaini za lugha ya mawakili. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kiswahili au lugha ambayo kila mtu pale anaielewa. Ukiiandika wewe, au ukiletewa usaini, angalia kama ina mambo haya:

1. Inamhusu nani, na wapi. Akaunti za kampuni ni kitu kimoja, akaunti yako binafsi ni kingine. Zisichanganywe. Paswadi ya akaunti yako binafsi haombwi na mtu yeyote.

2. Nani anasema kwa niaba ya kampuni. Watajwe kwa cheo. Wengine wote wanasema kwa niaba yao wenyewe, na wasiweke sare wala nembo ya kampuni kwenye posti za mabishano.

3. Yaliyokatazwa, kwa majina yake. Siri za kazi, data za wateja, picha za watu bila idhini, matusi, unyanyasaji wa kijinsia, chuki za kabila na dini. Neno kama "chochote kinachoweza kuharibu sifa ya kampuni" peke yake ni mtego. Linabeba kila kitu, na atakayelifasiri ni bosi akiwa na hasira.

4. Yaliyoruhusiwa, nayo kwa majina yake. Imani yako, maoni yako kuhusu mambo ya umma, shughuli za chama cha wafanyakazi, kuzungumza na wenzako kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Watu husahau sehemu hii, na ndiyo inayokulinda.

5. Muda na vifaa. Simu inatumika lini kazini, na kompyuta ya kampuni inatumika kwa nini. Kama kampuni inafuatilia kompyuta zake, iseme inafuatilia nini na kwa sababu gani. Kumpeleleza mfanyakazi kwa siri, Suratul Hujurat imeshalikataza hilo kabla ya Sheria ya Data.

6. Magrupu ya WhatsApp ya kazi. Hapa ndipo vita vingi huanza. Grupu ni la nini, ujumbe wa usiku wa manane unalazimisha kujibu au la, na mtu akitoka kwenye grupu inahesabiwa kosa? Iandikwe.

7. Njia ya kutoa siri ya uovu. Mfanyakazi akiona wizi, hatari kwa afya, au dhuluma, aripoti kwa nani ndani, na wakimpuuza aende kwa chombo gani nje. Bila mlango huu, TikTok ndiyo itakuwa mlango.

8. Adhabu kwa ngazi. Kosa dogo lianze na kuambiwa ufute, kisha onyo la maandishi. Kufukuzwa kuwe mwisho. Na kanuni isirudi nyuma kuhukumu posti za kabla haijakuwepo.

9. Dini zote kwa kipimo kimoja. Kama mstari wa Biblia unaruhusiwa kwenye stetasi, aya inaruhusiwa. Kama siasa za Gaza zimekatazwa kwenye akaunti ya kampuni, siasa za Ukraine nazo zikatazwe.

Na jinsi ya kuitunga ni muhimu kama yaliyomo. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini kwa kufanya mambo yao kwa kushauriana. Watu wa stoo waitwe, wa usafi waitwe, madereva waitwe, wasikae mameneja peke yao. Kanuni ambayo mfanyakazi ameichangia, ataitii hata bosi akiwa safarini. Ikiisha, isomwe mbele ya watu, isainiwe, kila mmoja apewe nakala. Na kumbuka kifungu cha 12 cha Sheria ya Ajira: mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi anatakiwa akueleze kwa maandishi kanuni za nidhamu zinazokuhusu na mahali pa kukata rufaa usiporidhika. Ukiuliza karatasi hiyo hujaleta fujo.

Tuanze na nyumba zetu

Hapa sasa tuambiane ukweli bila kuoneana haya. Waajiri wengi wa vijana wetu ni Waislamu wenzetu. Maduka ya Eastleigh, hoteli za Mombasa, kampuni za kutoa mizigo bandarini, shule zetu, madrasa zetu, mashirika yetu ya misaada. Na huko ndiko kwenye karatasi chache zaidi. "Sisi ni ndugu, mambo ya mikataba ni ya makafiri." Subhanallah. Mwenye kuifuata aya ya 282 ni nani basi?

Tunalalamika Muislamu akionewa na kampuni ya mtu mwingine kwa sababu ya posti. Je, binti aliyeandika kwamba mshahara wa madrasa umechelewa miezi mitatu, kisha akaitwa mfitinishaji na kuondolewa bila kusikilizwa, huyo hatumuoni? Suratun Nisaa inatutaka tusimamie uadilifu hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Uadilifu wa kudai kwa wengine tu, sisi tukijisamehe, haujafika.

Na wale watoto wa madrasa tunaowaposti kila siku wakisoma, majina yao kamili kwenye maelezo, eti kuchangisha pesa. Nani aliomba ruhusa ya wazazi? Faini ya milioni nne na nusu iliyoiangukia shule ile ya Uthiru inaweza kuangukia madrasa yoyote kesho, na madrasa haina pesa hizo. Kamati ya msikiti ikikaa jioni moja baada ya Isha na kuandika ukurasa mmoja, balaa hilo limeepukwa.

"Lakini si tunajifunga wenyewe?"

Najua kuna watakaosema hivi: "Kwa nini tumkumbushe bosi? Akikumbuka, ataleta kanuni za kutubana." Hoja ina uzito. Zipo kampuni ambazo zikisikia "kanuni za mitandao" zinaleta kufuli la mdomo. Lakini kufuli lililoandikwa linaonekana, na linaweza kupelekwa kwa wakili, kwa chama, kwa korti, likapimwa na Katiba. Kufuli lisiloandikwa halipimwi popote. Utalipinga vipi jambo ambalo bosi anaweza kusema hakuwahi kulisema?

Mwingine atasema, "Mimi natumia jina bandia, hawanijui." Habibi, kwenye grupu la watu mia mbili kuna mmoja anayefanya kazi na wewe. Inahitaji skrinshoti moja tu. Wewe jilinde na ukweli wa maneno yako.

Ukiitwa ofisini

Tuseme yamekukuta. Umeitwa HR, simu iko mezani, posti yako imefunguliwa. Fanya hivi.

Kwanza, usipandwe na hasira, na usifute kila kitu kwa hofu. Hifadhi posti yako kamili, pamoja na tarehe na maoni yaliyo chini yake, kwa sababu skrinshoti ya mtu mwingine inaweza kuwa imekatwa nusu.

Pili, omba tuhuma kwa maandishi. Uliza ni kanuni gani nimevunja, iko ukurasa gani, niliipokea lini.

Tatu, jua kifungu cha 41. Kabla hujafukuzwa kwa kosa la nidhamu, mwajiri lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama unayemchagua wewe. Lazima asikilize utetezi wako na wa huyo mwenzako. Hata likiwa kosa la kufukuzwa papo hapo, kusikilizwa kuko pale pale.

Nne, usisaini barua ya kujiuzulu uliyoandikiwa na wao. "Saini tu yaishe kwa heshima" imewatoa vijana wengi kazini bila hata senti, kwa sababu aliyejiuzulu hawezi kusema kirahisi kwamba alifukuzwa.

Tano, ukifukuzwa kwa dhuluma, nenda ofisi ya leba, nenda kwa chama chako, nenda kwa mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria. Mahakama ya Ajira inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, au kuamuru urudishwe kazini. Una miaka mitatu ya kufungua kesi, lakini usingoje. Ushahidi nao huzeeka. Na kama bosi alipekua au kusambaza habari zako za imani au afya, mlalamikie Kamishna wa Data, kwa sababu sheria inazihesabu hizo kuwa data nyeti.

La kufanya wiki hii

Posti moja ikikugusa, usibaki kuipigia dole gumba halafu ukapita. Jumatatu ukifika kazini, uliza kwa adabu: "Kanuni zetu za mitandao ya kijamii ziko wapi? Naomba nakala." Ikiwepo, isome ukilinganisha na yale mambo tisa. Ikiwa haipo, jitolee. Tafuta wenzako watatu, wa dini yoyote, andikeni rasimu ya kurasa mbili, mpelekeeni meneja. Wakristo na wasio na dini wanahitaji karatasi hii kama wewe, na kuitafuta pamoja nao ndiyo dawa bora ya lile neno "itikadi kali." Mtu uliyekaa naye mkaandika kanuni hawezi kukuogopa kwa sababu ya ndevu au buibui.

Na kama wewe ndiye mwajiri, hata wa watu watatu kwenye duka la simu, usingoje mfanyakazi akuombe. Anza wewe. Ni sadaka, na ni kinga kwako pia.

Haki haiji kwa kunung'unika kwenye stetasi. Huja kwa watu wanaojua kilichoandikwa, na pasipoandikwa, wakachukua kalamu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi riziki zetu na ndimi zetu, na atujaalie tuwe wasimamizi wa uadilifu, kwetu na kwa wengine. Mtumie rafiki yako aliyeanza kazi mwezi huu.

Wabillahi tawfiq.